Ngumi Isiyo na Mkono

Mkono wa kulia wa Shoto ulimuuma zaidi ulipokuwa haupo kuliko siku zote ulipokuwepo. Ulipokuwepo ulipasua mbao tangu asubuhi hadi king'ora cha jioni, ukabeba magogo, ukambeba binti yake, ukachomwa na vibanzi, wala haukulalamika. Ulipoondoka ndipo ulipoanza kudai haki zake.

Hakuzaliwa Shoto. Jina hilo alipewa kiwandani aliporudi kutoka hospitali, mkono umeishia chini kidogo ya kiwiko, akawekwa getini afungue na kufunga kwa mkono wa kushoto uliobaki. Kiwanda cha mbao ni mahali pa watu wasiojua kubembeleza. Mtu akikatika kidole huitwa Tisa. Akipofuka jicho moja kwa kibanzi huitwa Mlenga Shabaha. Yeye akawa Shoto, na kwa kuwa hapakuwa na ubaya ndani yake, akaitika.

Ubaya ulikuwa kwingine. Msumeno mkubwa wa duara ulikuwa na kinga, bati lililopinda kama kofia juu ya meno yake. Gogo nene lilipopita ilibidi mashine isimame, kinga inyanyuliwe, kazi iendelee. Meneja akaona kinga inamchelewesha, akaagiza ing'olewe. Iling'olewa, ikatupwa stoo, kuku wa jirani wakaifanya kiota. Mwezi haukuisha, msumeno ukala mkono. Wakaja wakaguzi wamevaa kofia ngumu, wakanywa soda ofisini kwa meneja, wakaondoka na sababu ya ajali: uzembe wa mfanyakazi. Wakubwa wana bahati hiyo. Hawakosei hata siku moja, maana wana watu wa kukosea kwa niaba yao.

Wapasuaji wenzake walifanya lile waliloliona la kiungwana. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mnoa misumeno pale kiwandani, aliuokota ule mkono kwenye unga wa mbao. Ulikuwa bado umevaa glovu, bado umekunja ngumi vilevile ulivyokuwa umeung'ang'ania ubao. Akautia katika kopo la rangi, akaufukia nyuma ya banda la magogo, na wenzake wakavua kofia. Hakuna aliyethubutu kuivua ile glovu, sembuse kunyoosha vidole.

Na ngumi ndiyo iliyobaki kwa Shoto. Aliisikia pale mbele ya kigutu, hewani, imekazwa kwa nguvu zote, kucha zimezama kiganjani. Mtu mwingine akikunja ngumi atachoka, ataiachia. Shoto hakuwa na cha kuachia. Kichwa kilitoa amri, fungua, fungua, lakini huko amri ilikokwenda hapakuwa na wa kuipokea, kama malalamiko ya wafanyakazi yanavyopelekwa ofisini.

Aliyegundua njia ya kuilegeza alikuwa mkewe, tena bila kutafuta. Jioni moja alikuwa anampangusa uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

"Taratibu," Shoto akasema, "unanibana kidole."

"Kidole gani tena? Mimi napangusa shavu."

"Gumba. Umelishika gumba langu la kulia."

Mkewe akasimamisha kitambaa, akamtazama kama anayepima homa kwa macho. Kisha akagusa karibu na pua. Shoto akasema gumba. Akashuka kidogo, kidole cha shahada. Akateleza hadi karibu na taya, kidole cha mwisho. Tone la maji likamponyoka shavuni, na Shoto akalisikia likitiririka juu ya vidole ambavyo wote wawili walijua viko kwenye kopo la rangi.

"Makubwa haya!" mwanamke akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mume wangu ana vidole usoni. Siku ukigombana na mtu si utampiga kofi kwa kupiga chafya?"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo dawa yao. Maumivu yakipanda, anakaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mkewe anampapasa shavu la kulia, kidole kwa kidole, na ngumi inalegea. Haikufunguka. Ililegea tu, kama mtu mkali anayeanza kukusikiliza.

Halafu mkewe akafa. Kifua kilimbana, wakamfikisha hospitali asubuhi, akiwa anatembea kwa miguu yake. Mashine ya kupiga picha ya kifua ilikuwa nzima, mpya, bado ina utepe wa uzinduzi. Ila chumba kilifungwa, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina katika mji mwingine, na ufunguo uko naye mfukoni. Ndugu wakaambiwa wavumilie. Walivumilia hadi kesho yake, na kesho yake hapakuwa na wa kupigwa picha. Aliyekwenda na ufunguo hakuulizwa neno. Inasemekana semina ilihusu huduma bora.

Baada ya mazishi ngumi ilikaza kuliko mwanzo. Alijaribu kujipapasa shavu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akapata robo ya kitu, kama mtu anayejitekenya asicheke. Binti yake alijaribu siku moja, lakini machozi yalimlengalenga, na baba akamwambia aache, inatosha.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Pale getini, asubuhi nyingine, upepo ulivuma kutoka upande wa magogo na kumpiga shavu la kulia, naye akasikia vidole vyake vimeshikwa. Manyunyu yalipoanguka ndiyo zaidi. Alisimama nje ya kibanda chake bila koti, uso ameuinua, na mahali ambapo hapakuwa na mkono, mkono wake ulikuwa umeshikwa na mtu anayemfahamu. Madereva wa malori walisema mlinzi amepata wazimu. Yeye aliona ni halali yake. Kila kitu cha mwanamke yule kilikuwa kimeondoka, nguo zimegawiwa, harufu imetoka kwenye mito ya kitandani. Kilichobaki kilikuwa kile, na kilibaki katika mkono uleule unaomtesa.

Shemeji mtu alikuja na ushauri wake Jumapili moja, ameshika koleo.

"Shemeji, mimi nimefikiri sana. Ule mkono tuliuzika vibaya. Umekunja ngumi, tena ndani ya glovu, ndani ya kopo. Nani anaweza kulala hivyo?"

"Mkono haulali, shemeji."

"Ndiyo maana unakusumbua. Twende tuufukue, tunyooshe vidole, tuulaze kama mtu. Nimeleta na kitambaa safi."

Shoto hakuwa na imani kubwa na jambo hilo, ila aumwaye hachagui mganga. Walikwenda. Kiwanda kilikuwa kimya, msumeno umefunikwa turubai. Walipozunguka nyuma ya banda la magogo wakasimama wote wawili. Pale walipofukia kopo palikuwa na zege jipya, limelainishwa vizuri, na juu yake nguzo nne na bati. Meneja alikuwa amejengea gari lake kivuli.

Kesho yake walimwendea ofisini, kofia mkononi. Meneja alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akacheka hadi kiti kikalia.

"Yaani nibomoe zege kwa ajili ya vidole? Shoto, mkono haupo. Kitu kisichokuwepo hakiumi. Hayo ni mambo ya kichwani mwako."

Bora angemtukana. Siku ile ile Shoto alikwenda hospitali, kitengo cha mazoezi ya viungo, akiwa tayari kuambiwa kwamba ni kichaa, na huko akaambiwa maneno yaleyale kwa uso mwingine.

"Ni kweli yako kichwani, baba," alisema yule msichana wa mazoezi, ambaye wagonjwa humwita Dada wa Kioo. "Lakini maumivu yote yako kichwani, hata ya jino. Mkono umekatwa, ila kichwa hakikupewa taarifa."

Akamweleza kwa lugha anayoielewa. Ndani ya ubongo, alisema, mwili wote umegawiwa viwanja. Mguu una kiwanja chake, mgongo chake, midomo chake. Na viwanja havikupangwa kama mwili ulivyo: cha mkono kimepakana na cha uso. Mkono ukikatwa, kiwanja chake kinabaki wazi, hakuna habari zinazoingia. Basi jirani anahamisha mpaka polepole. Mtu akiguswa shavu, habari zinaingia hadi kwenye kile kiwanja cha mkono, na ubongo, ambao bado unasoma kibao cha zamani, unasema: tumeguswa kidole.

"Kumbe na kichwani kuna wanyang'anyi wa viwanja," Shoto akasema.

"Tena hawana hata hati," Dada wa Kioo akacheka. "Usidhani uko peke yako. Wako waliokatwa mkono wanaosikia saa bado inawabana kwenye kifundo. Yuko aliyekatwa mguu, ugonjwa wa kidole gumba ukaendelea kumuuma vilevile."

Kisha akaleta dawa yake: kioo cha kawaida, kilichotolewa kwenye mlango wa kabati bovu. Akakisimamisha mezani katikati ya kifua cha Shoto. Kigutu kikawa nyuma ya kioo, kisionekane. Mkono wa kushoto mbele yake. "Tazama ndani ya kioo tu. Usitazame pengine."

Shoto akatazama. Kwenye kioo kulikuwa na mkono wa kulia. Ulikuwa wake, mahali pake, na kucha zake.

"Sasa kunja ngumi zote mbili. Haya, fungua zote mbili, polepole, huku unatazama."

Akafungua. Kwenye kioo mkono wa kulia ulichanua, kidole baada ya kidole, na ndani ya ule mkono usiokuwepo kitu kilikatika kama kamba. Ngumi ikaachia. Shoto alitoa sauti iliyomtisha mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Imekuuma?" Dada wa Kioo akauliza.

"Imenyamaza," Shoto akasema. "Mwanangu, imenyamaza." Akalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zake. Ulikuwa mchana mmoja mzuri, na ni haki kuusema, kwa sababu hakupata mwingine.

Akaambiwa aendelee nyumbani. Alikuwa na kioo cha marehemu, kile cha kuvalia. Kila jioni binti yake alikishika wima mezani, na yeye akakunja na kukunjua, huku binti akimtania kwamba amekuwa bwana harusi, hatoki kwenye kioo. Maumivu yakapungua. Akalala. Akaanza hata kumjibu meneja salamu.

Ndipo siku moja akagundua kwamba mkono umefupika.

Si kigutu, ule mwingine, usiokuwepo. Zamani vidole vilikuwa mbali, mahali vidole vya mtu vinapokuwa. Sasa vilikuwa vimesogea, kiganja kimepanda hadi karibu na kovu, kama kobe anayerudisha kichwa. Wiki iliyofuata vidole viliota moja kwa moja kwenye kiwiko. Akaenda kuuliza.

"Hiyo ni habari njema, baba!" Dada wa Kioo akapiga makofi. "Macho yanasema mkono unafunguka, misuli inasema hakuna mkono. Ubongo umechoka na ubishi, unafuta faili. Kwa baadhi ya watu mkono hupotea kabisa, na maumivu yanakwenda nao."

Shoto akauliza, huku akitazama sakafu, "Na shavu?"

"Shavu lina nini?"

"Upepo ukipiga shavu, nashikwa mkono. Mkono ukipotea, huko kushikwa kutakwenda wapi?"

Dada wa Kioo aliacha kutabasamu. Alikuwa binti mkweli, tuseme hivyo. "Sijui," akasema. "Hakuna anayeweza kukuahidi. Pengine utabaki na shavu tu."

Aliporudi nyumbani alikigeuza kioo kikatazama ukuta. Alipoulizwa na binti yake alisema amechoka. Na kwa siku chache alidhani ameshinda, maana upepo ulikuja, na vidole, japo vimesogea kiwikoni, vilishikwa. Kisha ngumi ikarudi. Ilirudi na hasira ya mtu aliyefukuzwa. Ilikunjika pale kwenye kiwiko, karibu zaidi, na sasa hata kufungua geti kulimshinda. Alikuwa akishika komeo anainama, jasho linamtoka, lori linapiga honi.

Siku mteja mmoja mkubwa alipokuja, alimkuta mlinzi amepiga magoti kibandani, ameuma kofia yake. Meneja akamwita.

"Sikiliza, mzee. Mimi nilikuweka pale kwa huruma." Huruma! Mwenye kung'oa kinga anazungumzia huruma. "Nikikukuta tena unagugumia mbele ya wateja, geti nampa mwingine. Wapo wengi wenye mikono miwili."

Jioni ile binti yake alijua yote aliyoyasema meneja, kwa kuwa shemeji alikuwa ameshamwambia. Alikichukua kioo ukutani, akakipangusa, akakisimamisha mezani.

"Kaa, baba."

"Hujui unachoniomba."

"Basi niambie."

Akamwambia. Kuhusu upepo, kuhusu manyunyu, kuhusu mama yake. Binti alisikiliza akiwa ameshika kioo kwa mikono miwili, na uso wake haukuonekana, kwa sababu ulikuwa nyuma ya kioo. Alichokiona Shoto ni uso wake mwenyewe ukisema maneno yale, umezeeka kuliko alivyodhani.

Mwishowe sauti ikatoka nyuma ya kioo. "Baba, geti likienda, tunakula nini?"

Shemeji, aliyekuwa mlangoni, akaongeza lake kwa upole: "Marehemu angekuona umeuma kofia angekwambia nini? Dada yangu namjua mimi. Angekwambia acha ujinga."

"Marehemu hakuachiwa nafasi ya kusema chochote," Shoto akajibu. Lakini akakaa. Akaweka kigutu nyuma ya kioo na mkono wa kushoto mbele. Akakunja. Akakunjua. Kila alipokunjua aliona anaachia kitu, naye aliendelea kukunjua, maana ndivyo maskini anavyochagua: anawekewa mbele vitu viwili vyake, anaambiwa chukua kimoja, na aliyeviweka hapo yuko kivulini na gari lake.

Mkono uliondoka polepole, bila kuaga. Vidole viliingia kwenye kovu kimoja kimoja. Cha mwisho kilikaa siku kadhaa, kinawasha tu, kisha asubuhi moja alipokuwa anafunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto akagundua kwamba upande wa kulia hakuna kitu. Hapaumi. Hapawashi. Kigutu kilikuwa kigutu, kama tawi lililopogolewa. Alisimama akisubiri, kama unavyosubiri saa ya ukutani iliyosimama ipige tena.

Hospitali walimwita aje aonyeshwe kwa wakubwa waliokuwa wanatembelea. Mmoja wao alitaka kumpongeza kwa kumshika mkono wa kulia, akaukuta haupo, akaushika wa kushoto. Meneja naye alimwambia, "Si nilikwambia? Ilikuwa kichwani." Msumeno ulikuwa bado unazunguka bila kinga, na kijana mpya anaupelekea mbao.

Mvua zilipoanza, Shoto alisubiri kwa siku nzima bila kutoka nje. Alikaa ndani ya kibanda, akiyatazama manyunyu kupitia dirisha, kama mtu mwenye bahasha ya majibu asiyetaka kuifungua. Jioni shemeji alipita kutoka kwenye mashine ya kunolea, viganja vyeusi kwa mafuta.

"Mbona hutoki? Wewe si rafiki wa mvua?"

"Nitoke nikathibitishe nini?"

Shemeji akaelewa. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya kufariji, na mazuri alikuwa ameshayamaliza. Aliingia, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajipangusa mkono kwenye suruali.

"Lete uso."

"Ondoka hapa. Watu watatuona."

"Watuone. Mimi ni damu yake, huenda mkono wangu ukafanana na wake. Lete uso, bwana."

Akamgusa chini ya jicho kwa kidole kigumu kama tupa. "Hapa?"

"Shavu."

Akashuka. "Na hapa?"

"Shavu."

Akaenda taratibu hadi kwenye taya, kwa uangalifu wote anaoutumia kukagua jino la msumeno, akarudi juu, akajaribu karibu na pua. Dereva wa lori lililosimama nje ya geti akachungulia kutoka juu. "Wazee vipi, mnafunga ndoa humo?"

"Sema basi, shemeji. Hapa je?"

Shoto alikuwa amefumba macho, amekaza uso wote, anatafuta. Mvua ilipiga bati. Dereva akapiga honi, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu.

"Ni shavu tu," Shoto akasema. Akasimama, akavaa kofia, akatoka kwenda kufungua geti, na mvua ikamlowesha uso kama inavyomlowesha mtu yeyote.